Lenzi Ndefu ya Khopotso

Kijijini kwetu Ha Lebusa hakuna harusi, mazishi wala mbio za farasi utakazozikuta bila Khopotso Ramaisa, amekuja na farasi wake, amejifunga blanketi lake la kahawia kwa pini kubwa kifuani, kamera ikining'inia shingoni. Kabla ya kazi hii ya picha alikuwa akishona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja kule bondeni. Kiwanda kilipopunguza watu, akarudi milimani na kamera aliyouziwa na mwalimu aliyekuwa anahama. Kamera ilikuja na lenzi mbili: fupi ya kupigia watu karibu, na ndefu, nene kama chupa ya chai, ya kuwavuta farasi wakiwa bado mbali. Hiyo ndefu ndiyo iliyompa jina. Na hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kumharibia.

Mimi ni jirani yake. Nakaanga maandazi, na kila penye mbio nipo na sufuria yangu chini ya mwamba, kwa hiyo haya sikusimuliwa, nimeyaona.

Shida ilianza wakati wa mavuno. Picha zikaanza kutoka vibaya, lakini si zote, na hapo ndipo palipouma. Kama zingeharibika zote, mtu angesema kamera imekufa, tuizike. Lakini moja ilitoka safi mpaka unauona mshono wa kofia, na ya pili yake uso umekuwa uji, halafu nyuma ya huo uso waya wa seng'enge unaonekana kila mwiba. Kamera ilikuwa inatafuta fokasi yenyewe, yaani pale kitu kinapoonekana wazi, inalia ule mlio wake mdogo wa kusema tayari, kumbe imeshika kitu kingine kabisa.

Kwenye harusi ya binti wa Ntate Sechaba, kwetu kila baba ni Ntate, alipanda ukingoni juu ya njia ili apate msafara wote ukipita chini. Bibi harusi akatoka kama amefunikwa na mvuke, lakini ng'ombe aliyekuwa nyuma yake anatafuna ungeweza kumhesabu kope. Mama wa bibi harusi aliishika ile picha akaigeuza huku na huku.

"Khopotso, mwanangu, hebu niambie. Tulikuita umpige picha binti, au ng'ombe wa mahari?"

Watu walicheka. Khopotso naye alicheka, ila mimi nilimwona akiirudisha kamera haraka chini ya blanketi.

Aliyemmaliza ni Ntate Molahlehi. Huyu ni mtu mrefu, sauti yake ukiisikia ng'ambo ya mto unajua ni yeye, na ana farasi anaitwa Sefako, yaani mvua ya mawe. Sefako alishinda mbio za Pasaka. Khopotso alipompelekea picha, Ntate Molahlehi alikuja nayo mpaka kwenye maandazi yangu, penye watu wengi, akaiinua juu.

"Hii ni nini?"

"Ni Sefako, Ntate," Khopotso akajibu.

"Hii? Huu ni moshi wa mavi ya ng'ombe! Farasi wangu ana miguu minne, ana macho, ana mpanda farasi anayeitwa kwa jina. Wako wapi hapa? Sikilizeni, jamani, kuanzia leo huyu asiitwe Khopotso. Huyu ni Mama Ukungu!"

Jina likashika siku hiyo hiyo. Akienda bombani kuchota maji, wanawake wanaambiana, "Jamani washeni taa, Mama Ukungu anakuja." Ntate Molahlehi hakuishia hapo. Alianza kueneza kwamba farasi wake amefungwa dawa nzito sana, kwamba hakamatwi na farasi mwingine wala na kamera. Na wapo walioamini.

Kamati ya mbio za Julai, ambazo ndizo kubwa kwetu kwa mwaka mzima, ikamwita mpiga picha kutoka mji mkuu, Maseru, kijana anaitwa Karabelo. Khopotso aliambiwa anakaribishwa kuja kutazama kama watu wengine. Alikuja kwangu jioni ile, akakaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa. Nilimpa andazi, akalishika tu.

"'Mapontšo," akaniita, "wameniambia nije kutazama."

"Nimesikia."

"Kutazama! Mimi!"

"Sasa utafanyaje? Utanunua kamera nyingine?"

"Kwa kipi? Na hata ningekuwa nacho, hii si mbovu. Kitu kibovu kinakuwa kibovu kila siku. Hii ina siku zake. Nataka kujua siku zake ni zipi."

Hapo andazi likaingia mdomoni, nikajua amepona nusu.

Ushauri ulikuwa mwingi kuliko maandazi. Mmoja alisema ni baridi, betri inakufa ganzi. Mwingine akasema ni mikono yake, amezeeka, inatetemeka. Asubuhi tukapanda mlima mpaka pale simu inaposhika, akampigia Ntate Mosiuoa, fundi wa kamera wa Maseru, mzee aliyemfundisha kazi. Akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Umebadilisha nini mpaka sasa?" mzee akauliza.

"Kila kitu, Ntate. Nimebadilisha betri, nimefuta vile vidoa vya shaba ambapo lenzi inaonana na kamera, nimetoa kile kioo cha kukinga cha mbele, nimeiambia kamera itumie nukta moja tu ya katikati badala ya kujichagulia..."

"Yote kwa siku moja?"

"Kwa asubuhi moja."

"Ah, binti yangu! Sasa ikipona utajua imeponywa na nini? Na isipopona utajua nini? Rudi nyuma. Chukua kitu kisichotembea. Weka kamera mahali isipotembea. Badilisha kitu kimoja, piga, tazama. Kisha kingine. Usiende kwa farasi kabla hujamalizana na kikombe."

Basi akaja kuazima vikombe vyangu vya bati. Alivipanga juu ya ukuta wa mawe wa zizi, kimoja nyuma ya kingine kwa mshazari, kama watoto wa shule mstarini. Kamera akailaza upande wa pili juu ya mfuko wa unga, akalenga kikombe cha katikati, kile chenye ua jekundu. Kama fokasi inapiga mbele, kikombe cha mbele kitang'aa na ua litafifia. Kama inapiga nyuma, kinyume chake. Akapiga, akaondoa mkono, akaielekeza kamera pembeni ili ipotee kabisa, akairudisha kwenye ua, akapiga tena.

Lenzi fupi: ua safi kila mara. Lenzi ndefu: ua safi kila mara.

"Imepona," nikasema.

"Haijapona. Inatudanganya."

Alipiga asubuhi barafu ikiwa bado juu ya majani, akapiga mchana jua likiwa utosini. Safi. Kwa hiyo si baridi. Akarudisha kile kioo cha kukinga, akakitoa. Safi, safi. Akaiinua kutoka kwenye mfuko, akapiga kwa mikono yake mwenyewe. Safi. Kwa hiyo mikono ilikuwa mizima, na hilo lilimfurahisha kuliko yote, maana la mikono lilikuwa limemwingia moyoni. Akanipigisha mbio mimi, mtu mzima, mbele ya ukuta, eti niwe farasi. Nilikimbia na sketi nimeishika, mbwa wananibwekea. Nilitoka safi mpaka meno.

"Sasa tunafanyaje?" nikauliza nikihema.

Alikuja akakaa kwenye kreti lake, akafungua picha za zamani kwenye kioo cha kamera, moja baada ya nyingine, nzuri na mbaya.

"Hii ya Sefako, mbaya. Nilikuwa wapi hapa?"

Nikachungulia. "Hapo ulikuwa juu ya mwamba. Nakumbuka kwa sababu ulinimwagia vumbi kwenye unga."

"Na hii nzuri, siku hiyo hiyo?"

"Hapo ulikuwa umeshuka. Umesimama karibu na sufuria yangu, nikakwambia sogea, mafuta yatakurukia."

"Na bibi harusi?"

"Si ulipanda ukingoni?"

Akaenda kwenye picha nyingine, mbaya, mazishi ya bibi yake Tefo, jirani yetu: alikuwa amesimama juu ya gari la ng'ombe. Nyingine, nzuri: chini, kanisani. Akaruka kutoka kwenye kreti.

"'Mapontšo, zote mbaya nilikuwa nimeinamisha kamera. Lenzi ilikuwa inatazama chini!"

Tulikimbilia vikombe tena, ila sasa akavipanga kwenye mteremko nyuma ya nyumba yangu, yeye akapanda juu. Akailenga kamera chini kwenye ua jekundu. Akapiga. Akatazama. Akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Uji! Njoo uone, uji!"

Sijawahi kuona mtu akifurahia picha mbaya namna ile. Akapiga tena, uji tena. Akashuka usawa wa vikombe, safi. Akapanda, uji. Akaweka lenzi fupi, akainamisha, safi. Alikuwa akipanda na kushuka ule mteremko kama mbuzi, anacheka peke yake.

Halafu akaitoa ile lenzi ndefu, akaiweka karibu na sikio, akaiinamisha polepole. Akanipa na mimi. Nikasikia kitu kidogo sana ndani yake kikisema *tik*. Ukiigeuza upande wa pili, *tik*. Nyuma ya lenzi pana pete ya chuma inayoshikana na kamera, na pete hiyo imefungwa kwa skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Akaisukuma kwa ukucha. Ikacheza. Kidogo mno, unywele tu, lakini ikacheza. Lenzi ikiwa imelala sawa, uzito wake ulikaa mahali pake. Ikiinama, ililegea ikashuka, na fokasi yote ikaenda nayo.

"Farasi," akasema. "Ni farasi wangu, 'Mapontšo! Miaka yote hii naifunga pembeni ya tandiko, naenda nayo milima yote ile ikidundadunda. Skrubu zimekuwa zikijifungua moja moja, nami niko juu naimba."

Ntate Mosiuoa aliposikia kwenye simu, alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hiyo ndiyo kazi! Iliyobaki ni ya mikono tu. Niletee."

"Theluji imefunga njia, Ntate. Na mbio ni keshokutwa."

"Basi utaifunga mwenyewe. Azima bisibisi kwa fundi simu, ile ndogo kabisa. Iingie vizuri kichwani, isiteleze. Kaza hii kidogo, kisha ya mkabala wake kidogo, zunguka hivyo hivyo mpaka zote zikatae. Zikikataa, uache. Usishindane nazo. Na una rangi ya kucha?"

"Mimi? Sina."

"Mimi ninayo," nikasema, nikainamia simu. "Nyekundu."

"Nani huyo?"

"Mwenye vikombe, Ntate."

"Vizuri, mwenye vikombe. Tone moja kwenye kila kichwa cha skrubu, kwa ncha ya sindano, isiingie ndani. Itazishika zisitembee tena."

Tulifanyia kazi hiyo mezani kwangu, juu ya kitambaa cheupe, mlango umefungwa ili upepo usituletee vumbi. Mimi nilishika taa ya simu na pumzi yangu. Yeye alikuwa na mikono ya mtu aliyeshona jinzi miaka mingi, haitikisiki. Aliponyanyua lenzi akaiinamisha sikioni, nilimtazama uso. Aliiinamisha tena. Akanipa. Kimya. Tukaenda kwenye mteremko, akapanda juu, akainamisha, akapiga ua jekundu la kikombe changu mpaka betri ikaomba radhi. Safi. Safi. Safi mpaka kile kipande cha rangi kilichobanduka nilipokiangusha mwaka juzi.

Siku ya mbio watu walijaa kuliko nilivyowahi kuona. Karabelo wa Maseru, aliyefika jana yake njia ilipofunguka, alikuwa kijana mpole, koti jipya, kamera mbili. Alimsalimu Khopotso kwa adabu, "Dumela, 'M'e," yaani hujambo mama, akamwonyesha mahali alipowekwa yeye na kamati, pale pale kwenye mstari wa mwisho, usawa wa farasi. Ni mahali pazuri. Khopotso akamtakia kazi njema, akapanda mwamba wake juu ya kichwa changu.

Ntate Molahlehi akamwona. "He, Mama Ukungu! Leo umekuja kutazama tu, siyo? Ukiteremka uniambie Sefako ameshinda kwa umbali gani!"

"Nitakuonyesha, Ntate," Khopotso akajibu kutoka juu. "Sitakwambia."

"Uuuu!" watu wakapokea.

Mbio ya mwisho, ile kubwa, Sefako alikimbia na jike mmoja mwekundu anaitwa Naleli, kutoka kijiji cha juu kabisa ambacho hakijawahi kushinda chochote. Farasi wengine walibaki nyuma mapema. Wale wawili walikuja bega kwa bega kwenye tope na theluji iliyoyeyuka, wapanda farasi wamelala shingoni, watu wanapiga mbinja, mimi nimeacha maandazi yaungue. Karibu na mstari umati haukuweza kujizuia. Watu walimwagika njiani, blanketi mbele, blanketi nyuma, mikono juu. Nilimwona Karabelo akirukaruka atafute uwazi, mzee mmoja amejitanda blanketi lake mbele ya lenzi yake kama pazia. Juu yangu nikasikia shata ya kamera ya Khopotso, *tra-tra-tra-tra*, haikatiki.

Wakapita. Na papo hapo ugomvi ukazuka.

"Sefako!"

"Naleli!"

Waamuzi wenyewe hawakukubaliana. Mmoja alisema hivi, mwingine vile, wa tatu akakiri kwamba alikuwa amesukumwa, hakuona kitu. Fimbo zikaanza kuinuliwa. Chifu akasimama, akanyamazisha watu, akamgeukia Karabelo.

"Kijana, kamera yako inasemaje?"

Karabelo akatazama, akatikisa kichwa. "Ntate, kamera yangu imepiga blanketi. Mimi nasema ukweli. Lakini 'M'e yule alikuwa juu, alikuwa anaona vichwa vyetu vyote. Muulizeni yeye."

Watu wote wakageuka kuutazama mwamba. Mtu mmoja akasema, "Mama Ukungu?" wengine wakaguna. Khopotso alishuka taratibu, kamera kifuani, akapita katikati yao mpaka kwa chifu. Jua lilikuwa kali juu ya theluji, kioo cha kamera hakionekani. Basi chifu akavua blanketi lake, akawafunika waamuzi na kamera na yeye mwenyewe pamoja na Khopotso. Likawa hema dogo katikati ya uwanja, miguu tu inaonekana chini. Uwanja mzima ukatulia. Tulisikia sauti ya chifu kutoka ndani.

"Kuza. Kuza tena. Hee! Tazama hilo jicho! Tazama povu!"

"Nikuze zaidi, Ntate?"

"Inatosha, binti. Pua ile pale, na mstari ule pale. Hapana cha kubishana."

Likafunuliwa blanketi. Chifu, nywele zimemsimama, akainua mkono. "Naleli!"

Kile kijiji cha juu kilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka kwao. Waliimba, wakamnyanyua mpanda farasi wao, halafu wakamnyanyua Khopotso naye, blanketi, kamera na yote, yeye anapiga kelele, "Lenzi! Jamani, lenzi!" wao hawasikii.

Ntate Molahlehi alidai kuona kwa macho yake. Akaingizwa chini ya blanketi, akakaa humo muda. Alipotoka alikuwa mpole kama mtu aliyetoka kanisani. Alimtazama Khopotso juu ya mabega ya watu.

"Wewe mwanamke! Tangu Pasaka unanipa ukungu. Leo ndiyo siku niliyokuwa nauhitaji!"

Hata waliokuwa na fimbo waliziangusha kwa kucheka. Na yeye mwenyewe akacheka, lazima niseme, alicheka kwa sauti ile ile ya kusikika ng'ambo ya mto. Jina la Mama Ukungu liliishia pale pale uwanjani. Sijalisikia tena.

Karabelo alikuja baadaye kwenye sufuria yangu, akaomba aonyeshwe ile picha. Aliitazama sana: Naleli ameinyoosha shingo, matone ya tope yamesimama hewani, kila moja peke yake, na uso wa mpanda farasi, kijana wa watu, mdomo wazi, macho wazi, hajui bado kama ameshinda.

"'M'e, unatumia lenzi gani?"

Khopotso akaitoa lenzi kwenye kamera, akamgeuzia nyuma yake. Kijana akayaona matone yangu mekundu, akaniona na kucha zangu, akaangua kicheko. Kisha akatoa bisibisi ndogo kwenye mfuko wa koti lake, akaanza kuzikagua skrubu za lenzi zake.

Kamati ilimwomba Khopotso palepale awapigie picha washindi wote, na mstari wa watu wanaotaka kupigwa picha ukazunguka mwamba. Jua lilianza kuelekea kilimani na bado alikuwa akipiga. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Ntate Molahlehi, amevaa blanketi lake zuri, amemshika Sefako kwa hatamu, amemsugua mpaka anang'aa.

"Sisi ni wa pili," akasema. "Lakini ni wa pili wenye sura. Unatuweka wapi?"

"Nendeni chini kule kwenye mteremko, Ntate," Khopotso akamwambia, huku akipanda mwamba. "Mbele kidogo. Hapo hapo. Inueni kichwa mnitazame."

Akainamisha lenzi ndefu moja kwa moja chini kwao, akabonyeza mara moja tu, wala hakutazama kioo kuhakikisha.